Kuzinduka au Kupevuka? Utambuzi wa Nafsi na Shughuli za Kila Siku katika Nathari ya Kiswahili

Katika tasnifu nyingi za uzamili zinazohusu riwaya ya Kiswahili, ipo sura ambayo msomaji mzoefu anaweza kuitabiri kabla hajaifungua. Ni sura ya wahusika. Humo mtafiti huwagawa wahusika makundi mawili, bapa upande huu na duara upande ule, kisha humtafuta mmoja aliyejitambua. Akishampata, huutafuta ukurasa aliozindukia. Na akishaupata ukurasa, humtaja aliyemzindua. Aghalabu mzinduaji huyo huwa ni mwalimu, kiongozi wa wafanyakazi, mpenzi mwenye msimamo wa kisiasa, au kitabu kilichosomwa kwa siri. Hapo kazi huhesabiwa kuwa imekamilika, na mtafiti huhamia sura ya mtindo.

Azma ya makala hii ni kuuhoji utaratibu huo. Tunadai kwamba katika baadhi ya kazi muhimu za nathari ya Kiswahili, mhusika hajitambui kwa kugutushwa na mtu wala kwa kujitazama moyoni, bali kwa kuingizwa katika shughuli za kila siku ambamo watu wengine wanamtegemea naye anawategemea. Tunadai pia kwamba uhakiki unaolitafuta tukio la uzinduzi hukosea mahali mahususi: humpa sifa mhusika anayehutubu na kumnyima yule anayepika. Mara nyingi anayehutubu ni mwanamume na anayepika ni mwanamke. Kwa hiyo suala hili si la istilahi tu.

Hata hivyo, istilahi zenyewe zafaa kutazamwa kwanza. Kiswahili kina vitenzi kadha wa kadha vya hali hii: kuamka, kuzinduka, kung'amua, kupevuka, kukomaa. Wahakiki wetu wamevipenda zaidi viwili vya mwanzo. Anayezinduka ni yule aliyekuwa amesinzia au amezirai, akagutuka. Kuzindua nako, katika matumizi ya zamani, ni kuliondoa zindiko, na zindiko haliondoki ila kwa mkono wa mjuzi. Ndani ya kitenzi hicho basi mna picha kamili: mtu amelala, nguvu inatoka nje, tukio ni moja na lina saa yake. Kupevuka ni jambo jingine kabisa. Embe halipevuki kwa kushtuliwa. Hupevuka mtini, kwa jua na kwa siku, na hapana awezaye kukuonyesha saa lilipoacha kuwa bichi. Mhakiki aliyezoea kusaka tukio atapita chini ya mti huo mara kumi asione kitu.

Kupendelewa kwa uzinduko na mwamko kuna historia yake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa katika miaka ya 1970 na 1980, wahakiki wengi wa Dar es Salaam na Nairobi waliisoma fasihi kwa nadharia ya kimaksi, na swali lao kuu lilikuwa ni vipi mtu wa tabaka la chini anafikia hatua ya kuitambua hali yake na kupambana nayo. Hatuwabezi. Walitutoa katika uhakiki wa kutafuta mafunzo ya maadili, wakatufunza kuuliza nani anamiliki nini. Lakini swali lao zuri liligeuka kuwa kanuni, na kanuni ikageuka kuwa mazoea ya darasani.

Tuanze na mfano usio wa kubuni. Katika Wasifu wa Siti Binti Saad, Shaaban Robert anasimulia maisha ya mwimbaji aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo wa kimaskini, akapewa jina la Mtumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti naye akawa muuza vyungu. Baadaye akahamia mjini, akafunzwa muziki na Muhsin Ali, akapata jina la Siti, na mwaka 1928 akarekodi nyimbo zake Bombay. Alifariki mwaka 1950. Kwa kanuni tuliyoieleza hapo juu, jibu ni jepesi: Siti alizinduliwa na Muhsin Ali. Yeye ndiye aliyeitambua sauti, akaifunza, akaionyesha njia.

Lakini sauti hiyo ilikuwa wapi kabla ya Muhsin Ali? Husimuliwa kwamba Siti aliitembeza biashara yake kwa kuinadi, na kwamba watu waliisikia sauti kabla ya kuviona vyungu. Anayenadi hujifunza mambo ambayo hayafundishwi na mwalimu yeyote wa muziki: pumzi inafika nyumba ya ngapi, sauti ipandishwe wapi ili mwenye nyumba atoke, na ishushwe wapi asiudhike. Hujifunza pia kujisikia kama wengine wanavyomsikia, na hiyo ndiyo maana halisi ya kujitambua kwa msanii. Muhsin Ali alilikuta jambo hilo limekwisha kupevuka. Mchango wake ni mkubwa, ila si mwanzo.

Shaaban Robert mwenyewe, ambaye kila maisha kwake ni darasa, anavisawiri vyungu kama dhiki ambayo shujaa wake aliishinda. Hapa tunatofautiana naye kwa heshima. Katika maisha ya Siti, vyungu si kikwazo kilichorukwa, bali ni chuo. Na jina nalo halikubadilika kwa agizo la mtu mmoja. Kutoka Mtumwa hadi Siti, yaani bibi wa kuheshimiwa, ni safari ya miguu iliyorudiwa mara nyingi, mzigo ukiwa kichwani.

Tukiingia katika riwaya, Kuli ya Shafi Adam Shafi (1979) inatupa mfano wa pili. Rashidi ni mwana wa kuli, naye anakuwa kuli katika bandari ya Unguja, na riwaya inatupeleka hadi mgomo mkubwa wa 1948. Faraji, mwenzake aliyetangulia kukomaa kisiasa, ndiye ambaye wahakiki wengi humtwika sifa ya uzinduzi. Ni kweli kwamba Faraji anaeleza. Lakini anachokieleza ni kitu ambacho mgongo wa Rashidi umekwisha kukijua. Mtu aliyebeba magunia kutwa, akapokea ujira usiolingana na mzigo, hahitaji kuambiwa kwamba anaonewa. Anachokihitaji ni jina la uonevu huo na hesabu ya wenzake wanaoujua. Neno kuli lenyewe, ambalo ni jina alilopewa na wanaomlipa, linabadilika maana polepole: mwanzoni ni dharau, mwishoni ni jina la kundi linaloweza kuisimamisha bandari. Mabadiliko hayo hayafanyiki mkutanoni peke yake. Yanafanyika kwanza kwenye mzigo unaohitaji mikono ya wawili. Kuli ina udhaifu wake, kwani mtunzi huwa na haraka ya kufika mgomoni, na pindi wahusika wanapoanza kufafanuliana siasa, mazungumzo hugeuka hotuba. Tusikae hapo sana.

Riwaya inayostahili kukaliwa ni Vuta n'Kuvute (1999) ya mtunzi huyohuyo. Yasmin ni msichana wa Kihindi wa miaka 15, aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa baba yake au zaidi. Anaikimbia ndoa hiyo. Jamaa zake wanamkataa kwa aibu aliyowaletea, naye anapata makazi Ng'ambo kwa Mwajuma, mwanamke Mswahili wa kipato kidogo, mpenda taarab na mpenda watu. Humo ndimo anamokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, mpinzani wa utawala wa Waingereza, ambaye polisi wanamwandama. Yasmin na Denge wanapendana. Baadaye, mambo yakishapinda, anaolewa na Bukheti.

Usomaji uliozoeleka unasema kwamba Yasmin alizinduliwa na Denge: mapenzi yalimfungulia siasa, na siasa ikamfungulia nafsi. Hata filamu ya Amil Shivji ya 2021, ambayo ina uzuri wake, inawaweka wapenzi hao wawili katikati ya kila kitu. Usomaji huo una tatizo dogo la mpangilio wa matukio. Yasmin amekwisha kumkimbia mumewe kabla Denge hajawa mtu wa maana kwake. Amekwisha kuuvuka mpaka kati ya mji wa maduka na Ng'ambo, mpaka ambao kwa msichana wa jamaa yake ulikuwa mrefu kuliko bahari. Amekwisha kula, kulala na kuamka katika nyumba ya Mwafrika, katika jamii iliyowafunza mabinti wake kwamba jambo hilo haliwezekani. Denge anampenda mtu ambaye tayari ameanza kuwa mwingine. Ni nani basi aliyemfanya kuwa mwingine?

Jibu letu ni nyumba ya Mwajuma, na hapa methali moja inatufaa kuliko nadharia nyingi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumkumbusha mgeni kwamba ukarimu una mpaka. Lakini ina upande mwingine ambao hatuutaji. Anayepewa jembe haachi tu kuhudumiwa. Anaacha kuwa mgeni. Jembe ni uraia wa nyumba hiyo. Kuanzia siku hiyo shamba lina sehemu yake, na asipoamka mapema kuna mtu atakayeuliza kulikoni.

Tulinganishe nyumba mbili. Kwa Raza, Yasmin ana paa, chakula, nguo na jina la mke. Siku zake zimejaa shughuli za kawaida. Hili ni muhimu, kwa sababu mtu anaweza kutupinga hivi: ikiwa maisha ya kila siku ndiyo yanayoikuza nafsi, mbona hayakumkuza kwa Raza? Mbona wanawake wengi wamepika miaka 40 na kupika hakujawafungulia lolote? Pingamizi hili ni zito na haliondolewi kwa kuyasifu maisha ya kawaida. Mazoea hupofusha, riwaya hii yenyewe ni ushahidi. Tofauti iliyopo ni kwamba kwa Raza Yasmin amewekwa, kama mali inavyowekwa. Anayoyafanya hayamdai mtu na hakuna anayemdai yeye kwa jina lake. Angekuwapo msichana mwingine yeyote mahali pake, siku zingekwenda vilevile. Kwa Mwajuma anahesabiwa. Shughuli ni zilezile za nyumba yoyote ya Ng'ambo: kutafuta cha kupika, kufagia, kupiga soga, kujiandaa kwenda kwenye taarab. Lakini nyumba ni masikini, na umaskini huo unamfanya kila mmoja awe na uzito. Akila, kuna kilichopungua. Akileta, kuna kilichoongezeka. Ni katika hesabu hiyo ndogo ya wadaiana wawili ambapo msichana aliyekuwa akiozwa, akihamishwa na kukataliwa anagundua kwamba yuko, na kwamba kuwako kwake kunaleta tofauti.

Suala la kabila na rangi nalo linatatuliwa humohumo, kama linatatuliwa. Mtunzi hamfanyi Yasmin atoe tamko kwamba binadamu wote ni sawa. Anamweka tu mahali ambapo kuwa Mhindi ni jambo moja miongoni mwa mengi: majirani wanalitaja, wanalitania, wanalisahau, wanalikumbuka. Lugha inafanya kazi hiyo kwa ustadi. Kiswahili cha nyumba ya Mwajuma ni cha kejeli, cha mafumbo ya taarab, cha maneno yanayosemwa nusu na kuachwa. Anayekaa humo hana budi kujifunza kujibu. Na taarab si pambo katika riwaya hii. Ni sanaa ambayo Siti na wenzake waliitoa katika Kiarabu cha majumba ya wakubwa wakaisemesha Kiswahili cha watu wa Ng'ambo. Katika taarab mtu husema lake kwa kinywa cha wimbo, na msikilizaji anayehusika hujijua. Kwa msichana aliyefunzwa kunyamaza, hakuna shule bora ya kupata sauti bila kulazimika kuhutubu.

Hapo ndipo tunapoweza kukisoma vizuri kile kisa ambacho wapenzi wa uzinduko hukitegemea sana: polisi wanapotaka kumtumia Yasmin ili wamnase Denge. Wengi huona hapa ushahidi wa mwamko wa kisiasa, kwamba Yasmin sasa anaelewa ukoloni na amechagua upande. Sisi hatuoni sababu ya kumtwika nadharia ambayo hakuipata. Haihitajiki. Mtu aliyeishi Ng'ambo katika nyumba ya shirika anajua jambo moja kwa yakini: wa nyumbani hauzwi. Uaminifu huo ulifundishwa jikoni kabla ya kuhitajika kituoni. Tukiuita siasa, basi tukubali kwamba siasa hiyo ilianza na chungu kimoja cha wawili, wala haikuletwa kutoka Urusi. Kinyume chake pia ni kweli: Denge, pamoja na elimu yake yote, anaishi kwa hisani ya nyumba kama hizo. Anajificha humo, anakula humo, anapata wajumbe humo. Mapambano yake yanabebwa na kazi ambayo hotuba zake hazitaji.

Ushahidi wa kifani nao unatuunga mkono. Linganisha nathari ya Shafi anapokuwa na Denge na wenzake, na anapokuwa nyumbani kwa Mwajuma. Kwa Denge sentensi hunyooka, hujaa dhana, na wahusika huanza kufanana kwa usemi. Kwa Mwajuma sentensi hucheka. Mtunzi wa hotuba na mtunzi wa nyumba ni mtu mmoja, lakini ni huyu wa pili ambaye tunamwamini. Inawezekana kwamba Shafi alinuia kuandika riwaya ya siasa yenye mapenzi ndani yake. Alichokifanikisha zaidi ni riwaya ya urafiki wa wanawake wawili yenye siasa pembeni.

Kwa upande wa pili wa mizani tumweke Kazimoto wa Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi. Huyu ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao Ukerewe likizoni. Hakuna mhusika katika nathari ya Kiswahili anayejichunguza kuliko yeye. Anaifikiri nafsi yake, Mungu, kifo, uzazi na upuuzi wa maisha, na anayaeleza haya kwa lugha inayouma. Kwa kipimo cha uzinduko, Kazimoto angepaswa kuwa ndiye aliyejitambua kuliko wote. Mwisho wake, kama tujuavyo, ni kujiua.

Udhanaishi wa Kezilahabi umeandikiwa mengi, nasi hatuna haja ya kuyarudia. Tunataka tu kuonyesha jambo moja ambalo mjadala huo huliruka. Kazimoto ni mgeni ambaye siku yake ya tatu haikufika. Yuko kwao, lakini ni msomi wa likizo. Kijiji kinaendelea na kilimo chake, magomvi yake na hofu yake ya uchawi, naye anatazama. Hata anaposhtuliwa na jambo zito la nyumbani kwao, mimba ya dada yake Rukia iliyosababishwa na Manase, rafiki wa utotoni aliyekwisha kuwa mkubwa wa serikali, anachokipata ni ghadhabu na mpango wa kulipiza kisasi. Hapati mahali pa kusimama miongoni mwa wafiwa. Elimu ya kikoloni na ile iliyoirithi ilimwondoa katika shamba bila kumpa shamba jingine. Ndoa yake na Sabina ingeweza kuwa hilo shamba, na kuna kurasa ambamo msomaji anaanza kutumaini. Lakini kinachozaliwa humo ni mtoto mwenye kichwa kikubwa, urithi wa maradhi, kama yule wa Manase. Nafsi inayojitafuta bila kudaiwa na mtu hujila yenyewe.

Hatusemi kwamba Kezilahabi alikosea. Kinyume chake, aliona mapema, na kwa ukali ambao wengi hawakumsamehe, kwamba kujichunguza si sawa na kujitambua. Wanaoisoma Kichwamaji kama riwaya ya msomi aliyejua mno hawajamtendea haki. Kazimoto hakujua mno. Alikosa yale ambayo Mwajuma anayajua bila kusoma.

Na Mwajuma ndiye anayetusumbua. Katika tasnifu zetu yeye huitwa bapa, kwa hoja kwamba habadiliki: aliyomkaribisha nayo Yasmin ndiyo aliyo nayo mwishoni. Tukiwa waaminifu, lazima tukubali kwamba mtunzi naye amechangia. Shafi anatuingiza katika mawazo ya Yasmin na katika mipango ya Denge, lakini Mwajuma tunamwona kwa nje tu, akicheka, akipika, akimngoja Sukutua wake, akifungua mlango. Upevu wake umetolewa kama kitu kilichokuwako tangu zamani, kama mti uani. Ukarimu wa namna ile, usiouliza dini wala jamaa wala kesho, haukuota wenyewe; una siku zake, una hasara zake, na bila shaka una mlango mwingine uliowahi kufunguliwa. Riwaya haituambii Mwajuma aliwahi kuwa mgeni wa nani, wala ni nani aliyempa jembe.